Nyumba Iliyochemshwa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni, mkeka ungali mpana. Wewe mwenye muwa, tema makapi au meza, lakini nisikusikie ukitafuna. Na nyie mnaosukumana huko nyuma, anayetaka ugomvi na akagombane na mbuzi nje. Mimi kisa sirudii, maana nikirudia huongeza, na nikiongeza husahau nilikoanzia. Nyamazeni basi, nyamazeni mpaka nisikie maji yanavyoguruma kule jikoni. Haya.

Hapo zamani, kabla hajazaliwa bibi wa bibi yangu, palikuwa na mji uitwao Kitumbwe, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Jabiri. Alikuwa mtu mwema wa moyo, ila palikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko farasi wake na kuliko kilemba chake, nacho ni maji aliyoyaleta mjini kwa akili yake mwenyewe. Alichimba mfereji kutoka chemchemi ya mlimani, akaupitisha chini ya ardhi mpaka mjini, na kila mtaa akauwekea bilula ya shaba, ambayo ukiizungusha hivi, maji hutoka. Ukiizungusha hivi, hukoma. Watu walistaajabu. Siku ya kwanza walisimama pale wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga, mpaka mtaa mzima ukawa tope na mzee mmoja akateleza akavunja fimbo yake. Sultani akafurahi sana, akaamuru baragumu lipigwe: tangu leo mabirika yote ya kukingia mvua yafunikwe kwa mbao na kupigwa misumari, asichote mtu humo, maana si adabu kuomba mbinguni ilhali umekwisha kupewa na Sultani.

Birika moja tu halikufungwa, nalo ni lile la babu zake ndani ya kasri. Hilo liliachwa kwa heshima ya marehemu, na ndilo alilochotewa yeye.

Basi ikawa watu wa Kitumbwe wana maji mlangoni, na maji yale yalikuwa maangavu, ya baridi, mazuri ya kutazama, nayo yalikuwa magumu kama jibu la mama mkwe. Maana mlima ule ni mlima wa chokaa, na maji yalipopita ndani yake yalibeba mawe kimya kimya, kama mgeni abebavyo kijiko. Ukiyakinga mkononi, huoni kitu. Lakini ukisugua sabuni, povu halitoki. Sabuni hukatika vipande kama maziwa yaliyochacha, ikashika nguo badala ya kuisafisha. Kichwa ukikiosha, nywele husimama kama makumbi ya nazi, na kitana huvunjika meno. Chai hufanya utando juu kama jicho la samaki wa juzi. Na chungu, kila ukikichemshia, huota ukoko mweupe ndani, unene juu ya unene, hata chungu cha kulisha watu kumi kikawa hakilishi wanne.

Na choroko! Choroko zilipikwa tangu alfajiri, zikateremshwa adhuhuri, na ukizimimina kwenye sahani zinalia kama kokoto. Mume husema, "Mke gani huyu asiyejua hata kuivisha choroko?" Mke hujibu, "Mume gani wewe uninunuliaye choroko za mwaka wa njaa?" Na kwa kuwa watu wa Kitumbwe walikuwa watu wa kustahi, kila nyumba ilifunga mlango, ikatafuna kokoto zake gizani, ikidhani aibu ile ni yake peke yake. Kesho wanakutana bilulani. "Mmeshindaje?" "Tumeshinda salama, choroko zilikuwa laini kama siagi." "Na sisi pia, alhamdulillahi." Na mataya yanawauma wote.

Sasa katika mji huo alikuwako muuza kahawa mmoja aitwaye Shaame, mtu mwenye kipara kinachong'aa na mfuko usiong'aa. Alikuwa na mke, jina lake Mize, na dele moja la shaba la kumiminia kahawa, na mdomo. Hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa mali yake, na alivipenda kwa mfuatano huo, ingawa Mize alisema kwamba mdomo ndio wa kwanza. Hata kibanda walimokaa hakikuwa chake; kilikuwa cha Mize, aliachiwa na mama yake, na chini ya kizingiti chake kilizikwa kitovu cha Mize na kitovu cha binti yao Riziki, aliyekwisha kuolewa mtaa wa pili.

Shaame alikuwa mtu wa kujicheka kabla hajachekwa. Watu wakimwuliza kuhusu kipara husema, "Nywele zangu zilikuwa na akili kunishinda. Zilipoyaona maji ya bilula zikahama." Na siku moja aliamka asubuhi, akaona mtu mweupe amesimama kando ya ukuta, hana neno. Shaame akamwambia, "Karibu, bwana." Kimya. "Karibu kitako, kahawa iko motoni." Kimya. Shaame akaghadhibika, akasema, "Waingia nyumbani kwa watu alfajiri, nawe hujibu salamu! Umelelewa wapi?" Mize akatoka ndani, akamwambia, "Baba Riziki, hiyo ni kanzu yako. Niliianika jana." Na kweli ilikuwa kanzu yake, imekauka ikasimama peke yake kwa ugumu. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe mji mzima, na kila akisimulia, kanzu humkalia kimya zaidi.

Tena katika Kitumbwe palikuwa na ada moja ya ujenzi, nanyi mwishike, maana itarudi. Fundi akianza nyumba, ukuta ukifika kimo cha kifundo cha mguu, hupumzika. Hapandishi hata tonge la chokaa mpaka mwenye nyumba aingie ndani ya ule ukuta mfupi, aketi chini mbele ya majirani, anywe kikombe cha kahawa kilichopikwa hapo hapo. Akishakinywa, nyumba inamjua. Asipokinywa, hakuna fundi atakayegusa mwiko. Na muuza kahawa wa kuitwa katika shughuli hizo alikuwa Shaame.

Basi siku moja Shaame alipita barazani, akawakuta watu wameketi, na kati yao Waziri Ghalibu, msimamizi wa maji ya mji, mtu mwenye tumbo na shingo ya kutazamia juu. Alikuwa akisema, "Maji haya ya Sultani ni laini kama hariri ya Hindi. Anayelalamika na atazame mikono yake. Ewe kipara! Mimina."

Shaame akainamisha dele. Hakikutoka kitu. Akainamisha zaidi. Hakikutoka kitu. Maana ukoko ulikuwa umejaa mdomoni mwa dele, kidogo kidogo kila siku, mpaka siku hiyo ukafunga kabisa. Akalitikisa, akalipuliza, akalipiga kofi la mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Mara puu! kahawa ikatoka na kitu kikatoka nayo, kikazama kikombeni, na Waziri, kwa kuwa alikuwa akisema na huku akinywa, akakitafuna.

"Jino langu!" akapiga kelele, akatema mkononi. "Hiki nini?"

Kilikuwa kijiwe cheupe, kikubwa kama punje ya mahindi.

Hapo mwenye busara angeomba radhi. Shaame akasema, "Bwana Waziri, tafadhali usikitupe. Hayo ndiyo matunda ya maji ya Sultani. Mimi nimekwisha yajua: ukiyachemsha sana, unapata nyumba. Kila kikombe, kokoto. Bwana ukiwa mnywaji mzuri utaezeka kabla ya masika."

Baraza likacheka, mmoja akapaliwa na tende. Waziri hakucheka. Akashika shavu lake, akaondoka, akaenda moja kwa moja hata kasri.

Haukupita muda Shaame akaitwa, naye akasimama mbele ya Sultani, dele lake bado mkononi.

Sultani akasema, "Ewe Shaame, ni kweli ulinena ya kwamba maji yangu yakichemshwa hupatikana nyumba?"

Shaame akasema, "Maulana, ni kweli. Huu mdomo wangu una desturi ya kuamka kabla yangu. Mimi nikifika mahali, nakuta umekwisha sema, kazi yangu ni kulipa tu."

"Umeyatukana maji yangu."

"Sikuyatukana, maulana. Nilisema yana kitu ndani. Ningekuwa nami nina kitu ndani, mke wangu angefurahi."

Watu wa baraza wakainamisha nyuso, na Sultani akaona wanacheka, akazidi kukasirika. Kwani alipoyatazama maji yale yalikuwa safi, na yale aliyokunywa yeye kutoka birika la babu zake yalikuwa laini, na hakuna hata mmoja aliyepata kumwambia kwamba hayo ni mawili mbalimbali. Waziri Ghalibu akainama, akamnong'oneza sikioni. Basi Sultani akasema:

"Vema. Umesema yanajenga nyumba, ijenge. Hutatia jiwe la pwani, wala udongo, wala boriti. Utajenga kwa kitakachotoka ndani ya maji yangu, si kingine. Utajenga mpaka iishe. Na siku utakayosema siwezi, siku hiyo utatoka nje ya lango la mji, wewe na mkeo, wala hamtarudi, na kibanda chenu kitavunjwa mpaka kizingiti."

Shaame aliposikia neno kizingiti, kicheko kilimtoka mwilini kama maji yatokavyo kwenye mtungi uliopasuka. Akawaza vile vitovu viwili. Akatafuta pa kupenyea, akasema, "Maulana, mimi sina kuni. Mize hupikia makumbi, na makumbi yenyewe tunaomba kwa jirani. Chungu changu ni hiki kilichonitia mashakani. Nitachemsha kwa nini, na ndani ya nini?"

"Usinitafutie udhuru!" akasema Sultani. "Kuni ni zangu, masufuria ni yangu, maji ni yangu, uwanja ni wangu. Chako ni mdomo tu."

"Nimesikia na nitatii," akasema Shaame. Maana hakubakiwa na kingine cha kusema, na hilo si jambo lililompata mara nyingi.

Akarudi nyumbani, akaketi kizingitini. Mize akamtazama, akasema, "Umesema nini tena?"

"Nimeambiwa nijenge nyumba."

"Wewe? Uliyeshindwa kupigilia kigingi cha mbuzi?"

"Kwa maji."

Mize akaketi naye. Akaugusa ule mti wa kizingiti kwa kiganja. Kisha akasema, "Baba Riziki, mama yangu aliniambia, mwanamume huyu atakuchekesha mpaka ulie. Nilidhani ananisifia mume."

Asubuhi yake Shaame akaenda kasri. Wakampa uwanja ulio kando ya jiko la Sultani, wakampa masufuria ya karamu, yale ya kupikia pilau ya mji mzima, na ghala la kuni likafunguliwa. Akawasha moto, akajaza maji ya bilula, akachemsha tangu jua kutoka hata jua kuinama, moshi ukamwasha macho. Yalipochemka vya kutosha akayaacha yapoe, yatulie, na ule weupe ukazama chini. Akayachota maji ya juu akayamimina kwenye mapipa, akakwangua chini kwa kifuu cha nazi. Kazi ya kutwa ikajaa kiganja. Akakitazama kile kiganja, akajisemea, "Shaame, mchwa angekuwa amekwisha fika dirishani."

Lakini hakuwa na ruhusa ya kusema siwezi. Akakusanya ule ukoko, akauchoma juu ya makaa kama wachomavyo watu matumbawe, ukawa chokaa. Akauponda, akautia maji, akachora chini mraba mdogo, kadiri ya mkeka wa mtu mmoja, akaanza kupaka. Watumishi wa jikoni wakasimama kumtazama. Mmoja akamwuliza, "Fundi, chumba cha wageni kitakuwa upande gani?" Shaame akasema, "Wageni watasimama. Mwenyewe ndiye nisiyejua atakaaje."

Jioni Mize akamletea muhogo. Akamkuta mumewe amekaa, majivu mpaka kwenye kipara, kofia yake nyeusi kama chungu. Mize alikuwa mwanamke asiyependa kuona uchafu mbele yake hata siku ya kiama. Akaichukua ile kofia, akaitumbukiza katika pipa la maji yaliyopoa, akachomoa kipande cha sabuni kwenye pindo la kanga yake, akasugua mara moja.

Povu likapanda mpaka kwenye viwiko.

Mize akaruka nyuma. "Umetia nini humu?"

"Sikutia kitu."

"Usinifiche, Baba Riziki! Hili povu sijaliona tangu mabirika yafungwe. Umetia dawa gani?"

"Wallahi sikutia kitu, mke wangu. Nimetoa tu." Akamwonyesha kile kiganja cha ukoko.

Mize akatazama kiganja, akatazama pipa, akatazama kiganja. Kisha akasema polepole, "Wewe mtu, umekuwa na akili bila kujijua." Hakungoja jibu. Akajaza mtungi, akaenda nao nyumbani mbio mbio, akateleka choroko kwa maji yale. Adhana ya Isha haijaadhiniwa, choroko zimepasuka, zimelegea, zimekuwa uji. Mize alizionja akalia, kisha akachukua bakuli akaenda kwa jirani yake Bi Tatu, akamwambia kwa kunong'ona, "Nina siri. Kwangu mimi choroko zilikuwa haziivi."

Bi Tatu akadondosha mwiko. "Na kwako?"

"Kwani na kwako?"

"Shoga, mwaka mzima! Mume wangu amekwisha apa ataniacha mwezi wa Mfungo Mosi! Nilidhani ni mimi tu, nimelaaniwa!"

Nao wakaenda kwa wa tatu, naye akaziba mdomo kwa kanga, akasema nilidhani ni mimi tu. Ikawa usiku ule milango yote ya Kitumbwe ilifunguka, kila nyumba ikitoa kokoto zake hadharani, na waume wakaanza kusema kwa sauti ya chini, "Basi, mama, yaishe." Kulipokucha, wanawake walijipanga mlangoni kwa Sultani na mitungi, ndoo na mabakuli, mstari unapinda mpaka sokoni.

Shaame akatoka, akawaambia, "Chukueni maji, niachieni nyumba."

Waziri Ghalibu akaja akihema. "Wezi! Haya ni maji ya Sultani!"

"Bwana Waziri," akasema Shaame, "maji haya Sultani amekwisha wapa kwa bilula. Yamepita kwangu kuvua viatu tu."

"Basi yamwage! Zima moto!"

"Nizime? Hapo Bwana Waziri utakuwa umenizuia wewe, wala sikusema siwezi. Sultani amesema nijenge mpaka iishe. Niandamane nawe kwake, ukamweleze umelifuta neno lake?"

Waziri akageuka akaenda zake, maana hakuna waziri aliyepata kunenepa kwa kufuta neno la Sultani.

Basi kazi ikaendelea. Shaame anachemsha, mji unachota. Nguo zikaanza kuning'inia kwenye kamba kama nguo, badala ya kusimama kama walinzi. Wazee wakala choroko bila kuogopa. Mabinti wakachana nywele. Povu la kufulia likawa linashuka mitaroni, jeupe, kubwa kubwa, linapita chini ya dirisha la Sultani kutwa kucha. Ukuta wa Shaame nao ukawa unapanda, ila ulipanda kama mtoto mchafukoge apandavyo kwenda kuoga. Na ghala la kuni likashuka kwa kasi. Zikaisha kuni za mikoko, zikaisha za mivule, zikaisha zile za karafuu zilizowekwa kwa ajili ya harufu siku za wageni.

Hata siku moja Sultani akaletewa pilau yake, akaitia mkono, mchele mbichi. "Nini hii?"

Mpishi akajitupa chini. "Maulana, hatuna kuni. Tumepikia vifuu, na vifuu vyenyewe tumeomba kwa mke wa Shaame."

Sultani akainuka na tonge mkononi, akateremka uwanjani, Waziri nyuma yake. Akauona mstari wa watu, akaona povu, na katikati akamwona Shaame amepiga magoti, anasawazisha kwa kidole ukuta mweupe uliofika kwenye kifundo cha mguu.

"Ewe mlaanifu!" akasema Sultani. "Umemaliza kuni zangu, na kimo cha nyumba ndicho hiki?"

Shaame akainuka, akapangusa mikono. Alijua kuni hakuna tena, na leo ama kizingiti kinabaki ama kinang'olewa. Akasema, "Maulana, nakushukuru kwa kuja, nilikuwa nakungoja wewe. Ukuta umefika kifundoni. Ada haivunjwi. Mpaka mwenye nyumba aingie, aketi, anywe."

"Na aingie basi, upesi! Mwenyewe ni nani?"

"Kuni za maulana, masufuria ya maulana, maji ya maulana, uwanja wa maulana. Changu ni mdomo tu, na huo hauna milango ya kutosha."

Watu wakamtazama Sultani. Sasa ada ni ada; baba yake aliketi hivyo, na babu yake aliketi hivyo, siku ya kujengwa kasri lile lile. Sultani Jabiri akavua viatu, akakusanya joho lake, akaingia kwa mguu wa kulia, akaketi. Na nyumba ilikuwa ndogo kiasi kwamba magoti yake yalitoka nje kwa upande mmoja na kilemba kilitazama juu kama mnara usio na msikiti. Shaame akamimina kahawa, iliyopikwa juu ya makaa ya mwisho kwa maji ya bilula yaliyochotwa hapo hapo. Sultani, ambaye maisha yake yote alikunywa mvua ya babu zake, akapiga funda, uso ukamkunjamana. Akatazama kikombeni, akaona utando. Akasukuma ulimi, akatoa kipande cheupe kwenye meno.

"Ghalibu," akasema, "hiki ni nini?"

"Maulana, si kitu," akasema Waziri. "Maji yako hayana kitu ndani. Ni laini kama hariri."

Shaame akainama mpaka kipara kikagusa majivu. "Maulana, mimi ni mjinga, naomba unifundishe. Kama Bwana Waziri asema kweli, na maji yako hayana kitu ndani, basi hapa hapana ukuta, wala hapana nyumba, na Sultani wa Kitumbwe ameketi mavumbini mbele ya wanawake wenye mitungi. Na kama yana kitu, basi Sultani ameketi nyumbani kwake, kwa heshima zote, wala mimi sikusema uongo. Maulana chagua mwenyewe: umeketi katika nini?"

Moto ulisikika ukifa. Mize alikuwa amesimama mbele ya mstari, mtungi kichwani, hakuthubutu kuutua.

Sultani akatazama mkono wa kulia, akaona ukuta. Akatazama wa kushoto, akaona ukuta. Akatazama magoti yake yaliyotoka nje kama vichwa vya wapangaji wawili wanaochungulia. Akatazama lile povu mtaroni, akawatazama wale wanawake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kila mmoja wao alikuwa akiogopa kumwambia jambo ambalo wote walilijua. Mdomo ukamtetemeka. Wakadhani ni hasira. Kumbe ni kicheko, kikatoka, kikamtikisa mpaka akaegemea ukuta, na ukuta ukamegeka.

"Niko nyumbani kwangu," akasema Sultani, akifuta machozi kwa joho. "Niko nyumbani, enyi watu wa Kitumbwe, na maji yangu ni mawe! Na jumba hili lanitosha, maana linalingana kabisa na akili yangu. Shaame, inatosha, usiipandishe tena, nikikua kwa akili nitakuita. Nyumba imekwisha."

"Imekwisha, maulana?"

"Imekwisha. Nami ndiye mwenyewe."

Ndipo Mize akautua mtungi.

Siku ile ile misumari ikang'olewa kwenye mabirika ya mvua, yakafagiliwa, yakasubiri masika. Na mpaka masika yalipofika, mji ulikunywa birika la babu zake Sultani, wote, kwa zamu. Bilula hazikuvunjwa, zikaachwa kwa kuzimia moto na kuoshea ng'ombe, ambao hawana nywele za kusuka. Waziri Ghalibu alipewa kwangio la chuma, akaamriwa apite nyumba kwa nyumba akwangue ukoko wa vyungu kwa mkono wake, naye alikwangua mpaka tumbo likamwacha. Shaame akaulizwa, "Omba utakacho." Akasema, "Maulana, niondolee ukoko mdomoni." Sultani akasema, "Mdomoni mwako?" Shaame akasema, "Mwa dele, maulana. Mwangu hakuna kilichopata kushika."

Baadaye kila mmoja akafa kwa siku yake, kama ilivyo kawaida, na walioachwa wakarithi. Mwana wa Sultani alirithi kasri, na pamoja nalo amri ya baba yake kwamba kila mtawala mpya akaketi ndani ya ile nyumba ya kifundo kabla hajaketi kitini. Wajukuu wa Ghalibu walirithi kwangio, nao hata leo ni watu wembamba. Riziki alirithi kibanda, na kizingiti, na vitovu. Ile nyumba yenyewe, watawala walipokwisha, waliirithi kuku.

Na dele limefika kwangu mimi, kwa mkono wa mama, kwa mkono wa bibi. Ndilo lile pale kwenye rafu, mwaliona. Tangu tulipoletewa hili bomba la mtaani nimelitazama mdomo wake, umeanza kuziba tena. Wangu bado.